Mchanga ulipofunika mpunga: Masingasinga wa Punjab walivyopigania msimu wa ngano

MKULIMA wa Punjab, kaskazini mwa India, hupanga maisha yake kwa mazao mawili. Mpunga hupandikizwa mwezi Juni na kuvunwa kuanzia mwisho wa Septemba. Ngano hupandwa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, na kuvunwa Aprili. Kati ya kutoa mpunga shambani na kuingiza ngano kuna wiki chache tu, na mkulima anayezikosa hupoteza nusu ya kipato chake cha mwaka.

Mwaka 2025 wiki hizo ziliwakuta wakulima wengi wakiwa hawana mpunga wa kuvuna, na mashamba yenyewe hayaonekani. Mito mitatu, Sutlej, Beas na Ravi, ilifurika mwezi Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Wilaya zote 23 za jimbo hilo zilitangazwa kuwa zimekumbwa na maafa. Zaidi ya watu 50 walikufa, vijiji zaidi ya 2,000 viliguswa na zaidi ya hekta 170,000 za mazao ziliharibika. Maji yalipopungua, sehemu nyingi za kando ya mito zilibaki zimefunikwa na mchanga na tope, kwingine inchi chache tu, kwingine kufikia kiuno cha mtu mzima.

Watu wa jimbo hilo walisema hawajaona mafuriko ya aina hiyo tangu mwaka 1988. Lakini jambo jingine nalo liliwashangaza wageni. Katika vijiji vingi watu wa kwanza kufika na chakula, boti na majani ya mifugo hawakuwa maofisa wa serikali. Walikuwa wanakijiji wa maeneo jirani, waliotumwa na nyumba zao za ibada, wakiendesha matrekta yao wenyewe.

Maji yalikotoka

Punjab ni tambarare iliyo chini ya milima ya Himalaya. Mvua kubwa ikinyesha katika maeneo ya milimani ya Himachal Pradesh na Jammu na Kashmir, maji yote huteremkia huko. Njiani kuna mabwawa makubwa matatu: Bhakra katika mto Sutlej, Pong katika mto Beas, na Ranjit Sagar katika mto Ravi. Mabwawa hayo ndiyo yanayotoa maji ya umwagiliaji na umeme, lakini yakijaa hapana njia nyingine ila kufungua milango.

Agosti 2025 yote matatu yalijaa kwa wakati mmoja. Tarehe 27 mwezi huo baadhi ya milango ya kituo cha kugawa maji cha Madhopur, kilichopo kwenye mto Ravi, ilivunjika na maji yakaenda moja kwa moja katika wilaya za Pathankot, Gurdaspur na Amritsar. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya mpaka upande wa Pakistan, maji ya mto huo yalizingira nyumba ya ibada ya Kartarpur, mahali ambapo Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Singasinga, aliishi miaka yake ya mwisho akilima shamba kwa mikono yake hadi alipofariki mwaka 1539.

Katika mto Beas, mambo yalianza mapema zaidi. Kwenye eneo la Mand, karibu na mji wa Sultanpur Lodhi wilayani Kapurthala, tuta la udongo lililokuwa likikinga vijiji vya Baupur na jirani zake lilibomoka katikati ya Agosti. Mand ni ardhi iliyopo kati ya mto na tuta kuu. Ina rutuba nyingi, na kwa sababu hiyo watu wamejenga na kulima humo kwa vizazi. Mto unapotaka njia yake, wao ndio wa kwanza kuumia. Wakazi wake waliishi juu ya mapaa na katika boti kwa wiki kadhaa.

Jiko lisilozimwa

Ili kuelewa kwa nini msaada ulifika haraka, ni lazima kwanza kuelewa jinsi jamii hiyo ilivyojipanga wakati ambapo hakuna maafa.

Kila gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, ina jiko la pamoja liitwalo langar. Humo mtu yeyote hula bure, awe wa dini gani au kabila gani, na wote huketi chini mstari mmoja, tajiri na maskini. Jiko la Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku ya mwaka. Chakula hupikwa na watu wanaojitolea, na gharama hutokana na sadaka. Muumini hutakiwa kutenga sehemu ya kumi ya kipato chake kwa kazi za namna hiyo, na pia kujitolea nguvu zake, jambo wanaloliita seva.

Wasomaji waliowahi kusafiri kwa barabara kati ya Nairobi na Mombasa wanalijua jambo hili. Gurudwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi katika reli, hadi leo inawapa wasafiri chakula na mahali pa kupumzika bila kuwatoza senti. Kalasinga, kama wengi tulivyozoea kuwaita, walifika Afrika Mashariki kutoka Punjab hiyo hiyo kama mafundi, maaskari na wajenzi wa reli, nao walikuja na jiko lao.

Kwa maneno ya biashara, langar ni ghala la akiba, jiko, kikosi cha wafanyakazi na mfuko wa fedha, vyote vikiwa tayari kazini. Mafuriko yanapotokea hakuna haja ya kuunda kamati mpya wala kutafuta masufuria. Kinachobadilika ni mahali pa kupeleka chakula. Ndiyo maana kamati kuu inayosimamia nyumba za ibada, Shiromani Gurdwara Parbandhak Committee, iliyoundwa mwaka 1920, iliweza kufungua majiko na vituo vya kuwahifadhi watu mara moja katika wilaya zilizofurika.

Aidha, yapo mashirika ya Masingasinga waishio ughaibuni. Linalojulikana zaidi ni Khalsa Aid, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1999 na Ravi Singh baada ya kuguswa na hali ya wakimbizi wa vita vya Kosovo. Shirika hilo limefanya kazi katika nchi nyingi. Mwaka 2014, mafuriko yalipofunika mashamba ya Somerset nchini Uingereza, watu wake walikwenda kijiji cha Burrowbridge kubeba mifuko ya mchanga pamoja na wakulima wa huko. Mwaka 2018 walipika chakula kwa waathirika wa mafuriko ya Kerala, kusini mwa India. Mwaka 2025 maji yalikuwa nyumbani kwao.

Nyati kwanza, nguo baadaye

Katika kijiji cha Punjab nyati wa maziwa ndiye benki ya familia. Maziwa yake huuzwa kila asubuhi na fedha hizo ndizo hununua sukari, sabuni na dawa wakati mpunga bado uko shambani. Familia nyingi zilikataa kupanda boti za uokoaji kwa sababu boti hazikuweza kubeba mifugo. Mtu aliyeambiwa aache nyati wanne aende kambini alijua kwamba akirudi atakuwa maskini.

Waliojitolea walilijua hilo kwa kuwa nao ni wafugaji. Ndiyo sababu pamoja na unga na dengu, matrela yalibeba majani mabichi, mabua ya ngano yaliyokatwakatwa na mahindi yaliyosindikwa kwa ajili ya mifugo. Madaktari wa mifugo walifuata na chanjo, maana mnyama anayesimama majini siku nyingi hushambuliwa kwato na hupata magonjwa ya kuambukiza kwa urahisi.

Msaada haukutoka kwa Masingasinga peke yao. Wakulima wa jimbo jirani la Haryana walileta matrela ya malisho, na Waislamu wa eneo la Mewat katika jimbo hilo walikusanya nafaka, fedha na nguo kutoka kijiji hadi kijiji wakazipeleka Punjab.

Hata hivyo, wema huo ulikuwa na kasoro zake. Vijiji vilivyo kando ya barabara kuu vilipata chakula na nguo kupita mahitaji, ilhali vya ndani, ambako trekta halikuweza kufika, vilisubiri. Haukupita muda viongozi wa kazi hiyo wakaanza kuwaomba wafadhili waache kuleta vyakula na nguo. Kilichohitajika sasa kilikuwa dizeli, mbegu, mbolea na mitambo ya kusawazisha ardhi.

Kuziba tuta kwa magunia

Kazi ya pili ilikuwa kuuzuia mto. Shamba lisingeweza kusafishwa wakati maji bado yanaingia kupitia tundu la tuta.

Katika kazi hii jina linalotajwa sana ni la Balbir Singh Seechewal, kiongozi wa dini ambaye mwaka 2000 aliongoza wanavijiji kusafisha mto mdogo wa Kali Bein unaopita Sultanpur Lodhi, uliokuwa umegeuka mfereji wa maji machafu. Mto huo ni mtakatifu kwa Masingasinga kwa sababu ya uhusiano wake na maisha ya Guru Nanak. Kwa kazi hiyo serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2017, na tangu mwaka 2022 akawa mjumbe wa baraza la juu la Bunge la nchi hiyo.

Mwaka 2019 mto Sutlej ulipovunja tuta karibu na Lohian, wilayani Jalandhar, Seechewal na watu wake waliziba pengo hilo. Mwaka 2023 tuta lilivunjika tena katika eneo hilo hilo, na wakaliziba tena.

Njia wanayotumia haina siri. Magunia ya plastiki yaliyokwishatumika, ya mbolea au ya nafaka, hujazwa udongo na kushonwa. Hupangwa ndani ya nyavu za waya ili mkondo usiyachukue moja moja, kisha hushushwa majini kuanzia ncha zote mbili za pengo mpaka zikutane. Nyuma yake matrela humwaga udongo na matrekta huushindilia. Kila kijiji hupewa zamu yake. Wanawake hushona magunia na kupika, wazee huhesabu magunia, vijana huingia majini. Mhandisi angehitaji zabuni, mkandarasi na bajeti, lakini hapa malipo ni chai na chapati.

Mwenye shamba ndiye mwenye mchanga

Baada ya maji kuondoka, ulikuja mtihani mgumu kuliko yote: mchanga. Kwa kawaida sheria za madini za Punjab haziruhusu mtu kuchota na kuuza mchanga bila kibali, hata ukiwa shambani kwake. Septemba 2025 serikali ya jimbo ilitangaza mpango uliopewa jina lenye maana ya 'mwenye shamba ndiye mwenye mchanga', ukimruhusu mkulima kuuondoa na kuuuza bila kibali kwa muda maalumu.

Ruhusa ilisaidia, lakini haikuendesha trekta. Kuondoa futi mbili za mchanga kwenye ekari moja ni kuhamisha mamia ya matrela. Mkulima mwenye ekari tano ambaye mpunga wake umeoza hana fedha za dizeli, sembuse za kukodi mtambo wa kuchimba. Hapo ndipo misafara ya matrekta ilipoonekana. Wakulima wa wilaya ambazo hazikuumia sana walifika wakiwa na majembe ya kulima kwa kina, vyombo vya kusawazisha na mitungi ya dizeli iliyonunuliwa kwa sadaka. Kamati za nyumba za ibada na mashirika ya ughaibuni yaligharimia mafuta. Katika Mand ya Sultanpur Lodhi shamba moja lilisafishwa na matrekta mengi kwa pamoja, kisha msafara ukahamia la jirani.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilichopo Ludhiana nacho kilipima udongo wa mashamba yaliyofurika. Wataalamu wake waliwashauri wakulima walime kwa kina ili kuvunja tabaka gumu lililotengenezwa na tope, wachanganye mashapo membamba na udongo wa chini badala ya kuyatupa, na waongeze samadi ili kurudisha uhai wa udongo. Mahali ambapo mchanga ulikuwa mnene mno hapakuwa na njia ya mkato isipokuwa kuuondoa.

Serikali ya jimbo pia ilitangaza kutoa bure kuintali 200,000 za mbegu ya ngano, zinazotosha ekari 500,000 kwa kipimo cha kilo 40 kwa ekari. Mashirika ya kujitolea yalijaza mapengo kwa mbegu na mbolea pale ambapo mgawo ulichelewa au haukutosha.

Mbegu ya jirani

Utaratibu wa kusaidiana mbegu haukuanza mwaka 2025. Julai 2023 mafuriko yaliposomba mpunga uliokuwa umetoka kupandikizwa, wakulima walikuwa bado na muda wa kupanda tena, lakini hawakuwa na miche. Kuotesha kitalu kipya kungechukua karibu mwezi mzima.

Wakulima wa wilaya zilizonusurika, hasa za kusini mwa jimbo, walitenga sehemu za mashamba yao na kuotesha miche ya mpunga ya kugawa bure. Walichagua aina zinazokomaa mapema, ikiwemo PR 126 ya chuo cha Ludhiana, ambayo huwa tayari takriban siku 93 baada ya kupandikizwa. Wengi waliipa kazi hiyo jina la jiko la pamoja, langar, ila safari hii kilichogawiwa kilikuwa miche. Waliopata waliweza kuvuna kabla ya msimu wa ngano.

Funzo la kilimo hapo ni la wazi. Aina ya mpunga inayokomaa mapema ni bima. Kitalu cha akiba katika eneo lisilofurika ni bima nyingine, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na shamba kukaa tupu msimu mzima.

Hesabu ya ekari moja

Pamoja na sifa zote hizo, hesabu za mkulima hazifurahishi. Kwa msimu wa 2025 bei ya serikali ya mpunga wa daraja la kwanza ilikuwa rupia 2,389 kwa kuintali, yaani kilo 100. Mkulima aliyetarajia kuintali 25 kwa ekari alikuwa apate karibu rupia 60,000. Fidia iliyotangazwa na serikali ya jimbo kwa aliyepoteza mazao yote au karibu yote ilikuwa rupia 20,000 kwa ekari, kiasi kinachokaribia dola 230 za Marekani. Hiyo ni theluthi moja.

Aliyekodi shamba ana hali mbaya zaidi. Kodi ya ekari moja ya ardhi nzuri Punjab hufikia rupia 60,000 kwa mwaka, na mara nyingi hulipwa mapema. Fidia hufuata majina yaliyomo katika daftari la ardhi, na jina la mkodishwaji aghalabu halimo. Hali kadhalika, wapo wanaolima kando ya mito kwa miaka mingi bila hati.

Kuna kundi jingine ambalo halina hata ekari ya kuhesabu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2011, karibu theluthi moja ya wakazi wa Punjab ni wa jamii zilizokuwa zikitengwa kwa misingi ya tabaka, na wengi wao ni vibarua wasio na ardhi. Mpunga ukioza, kibarua hukosa ujira wa kuvuna, lakini hakuna fidia ya ujira. Nyumba yake ya matofali ya udongo ndiyo ya kwanza kuanguka. Kwa watu hawa, jiko la bure na mashirika yaliyojenga upya nyumba vilikuwa na maana kubwa kuliko trekta lolote.

Kwa mwenye shamba, matumaini yalibaki kwenye ngano. Bei ya serikali kwa ngano ya kuvunwa Aprili 2026 ilitangazwa kuwa rupia 2,585 kwa kuintali. Ekari inayotoa kuintali 20 inaleta takriban rupia 51,700, na kila wiki ya kuchelewa kupanda baada ya katikati ya Novemba hupunguza mavuno. Hiyo ndiyo sababu ya matrekta yale kufanya kazi hadi usiku kwa taa. Ekari iliyosafishwa kabla ya tarehe hiyo ilimwezesha mwenyewe kupunguza deni lake. Iliyochelewa ilimwongezea.

Yasiyowezekana kwa sadaka

Wako wanaohoji kama ari hii ya kujitolea haiifanyi serikali kujisahau. Swali hilo si la kupuuza. Tuta lililozibwa kwa magunia katika Lohian mwaka 2019 lilifuatiwa na jingine kuvunjika mwaka 2023 jirani tu na hapo, na mwaka 2025 maji yakaja tena. Mito imejaa mashapo, watu wamejenga kwenye njia za maji, na majimbo yanayotegemea mabwawa hubishana kila mwaka kuhusu kiasi cha maji cha kuhifadhi kabla ya mvua kubwa. Gurudwara haiwezi kuamua lini milango ya Bhakra ifunguliwe. Haiwezi kuchimba mto Beas wala kuandika jina la mkodishwaji katika daftari la ardhi.

Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba familia haiuzi nyati wake wala ekari yake katika miezi mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo miezi ya hatari. Mkulima aliyeuza shamba kwa shida ya Septemba hana la kufanya hata fidia ikifika Machi. Yule aliyepata majani ya mifugo, dizeli na kilo 40 za mbegu kwa kila ekari anabaki kuwa mkulima, naye msimu ujao anaweza kuombwa trekta lake liende kumsaidia mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025. Baadhi ya waliopeleka matrekta Kapurthala na Gurdaspur walitoka katika vijiji ambavyo navyo vilifurika mwaka 2023 au 2019, vikasaidiwa.